Darasa la baleti Dodoma kwa mtoto anayeanza na miaka 11: tathmini yangu

Tathmini hii ni ya darasa la Jumamosi asubuhi, kundi la wanaoanza wa miaka 9 hadi 13, baada ya mihula miwili. Jina silitaji, maana mengine nitakayoyasema hawatayapenda. Nawapa nyota nne kati ya tano. Hiyo moja imeliwa na sakafu.

Nne nimewapa kwa sababu wanajua pa kumweka mtoto. Anayeanza baleti na miaka 11 huharibiwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kumchanganya na watoto wa miaka 5 wanaorukaruka kama vipepeo. Mwili haupati kazi, na aibu inamfukuza kabla mwezi haujaisha. Ya pili wazazi huifurahia: anawekwa na wa rika lake ambao wameshasoma miaka mitatu au minne. Huko anaiga tu. Anautazama mguu wa aliye mbele yake, anaufuata akiwa nyuma ya mdundo kidogo, na ukiwa umekaa mlangoni unaona mtoto anacheza. Kumbe magoti yanaingia ndani na mgongo umepinda, na kosa lililozoeleka mwaka mzima ni gumu kulitoa kuliko kufundisha upya.

Hapa wakubwa wanaoanza wana kundi lao. Hatua ni zile zile za mwanzo, ila mwalimu anaeleza msuli upi unafanya kazi na kwa nini. Mtoto wa miaka 11 anaelewa maelezo, na hapo ndipo anapomzidi mdogo. Saa moja yao wanaitumia hivi: dakika 10 kupasha mwili (Juni na Julai, ule upepo wetu wa asubuhi ukivuma, zinafika 15), kama 25 kwenye fito ya kushikia, 15 katikati ya ukumbi, kisha kuruka na kuvuka ukumbi kwa mshazari, mwisho heshima kwa mwalimu. Fito zipo za vimo viwili, jambo ambalo sikulitegemea. Ikiwa juu mno bega linapanda. Ikiwa chini mno mtoto anaiegemea kama ukuta wa baraza.

Ukienda kukagua darasa lolote, tazama plie, yaani kukunja magoti miguu ikiwa imegeuzwa nje. Usitazame nyayo, tazama magoti. Goti likikunjwa linatakiwa kwenda juu ya kidole cha pili cha mguu. Nyayo zikiwa zimefunguka kuliko nyonga inavyoruhusu, goti linaporomokea ndani na kano zake ndizo zinazolipa. Mwalimu wa hapa nilimwona akichuchumaa mbele ya mtoto mmoja aliyejilazimisha mstari mnyoofu kisigino kwa kisigino. Akamwekea vidole viwili juu ya goti, akamwambia, "Punguza miguu, mwanangu, geuza kutoka kwenye paja." Vidole vya miguu vikarudi mbele kama upana wa kiganja, na kutetemeka kukaisha pale pale. Kwa anayeanza, nyayo zikifanya pembe ya nyuzi 90 hivi inatosha kabisa. Mwalimu anayesukuma nyayo kwa mkono ili zifunguke zaidi, mwage.

Kingine nilichokipenda ni kwamba hawaibezi ngoma. Mtoto aliyekulia kwenye muheme, ngoma ya Wagogo, anakuja na mdundo mwilini, ila amezoea kukunja goti na kushuka kwenye ardhi, na baleti inamtaka ajivute juu. Wanamfundisha kubadilisha uzito, basi.

Sasa sakafu. Ni zege lenye marumaru, juu wametandika kapeti la plastiki. Kapeti linazuia kuteleza, ila kuruka juu yake ni kuruka juu ya zege. Mtoto mkubwa ni mzito kuliko wa miaka 5, na mara nyingi yumo kwenye kipindi cha kurefuka haraka, ambapo kisigino, chini ya goti na mbele ya muundi huuma kirahisi. Sakafu ya baleti inatakiwa kuwa na nafasi chini: mbao za 2 kwa 2 zilizopishana, vipande vya mpira chini yake, plaiwudi tabaka mbili juu, ndipo kapeti. Fundi seremala yeyote wa hapa mjini anaiweza. Kuipima huhitaji chombo: piga kisigino. Ikilia "du" na kurudi kidogo, ni nzuri. Ikilia "ko" na meno yakasikia, ni zege. Mpaka wairekebishe, nimeomba miruko ipunguzwe, na wamekubali bila kununa. Vumbi wanalifuta kwa dekio bichi kabla ya kipindi, na kwa Dodoma hilo si dogo.

Viatu: soli nzima ya ngozi, si ile iliyokatwa katikati, maana soli nzima inampa mguu mchanga kazi ya kusukuma. Acheni mazoea ya "atakua navyo". Kiatu cha baleti kinabana kama soksi, vidole vimenyooka bila kujikunja. Kikubwa kinakunjamana chini ya unyayo na kumwangusha. Kama unaagiza Dar, msimamishe mtoto juu ya karatasi jioni, chora miguu yote miwili, tuma urefu kwa sentimita, kwa sababu namba za viatu hivi hazifanani na za viatu vya shule. Lastiki mara nyingi inashonwa nyumbani: kunja kisigino cha kiatu kwa ndani, pale kinapokunjika ndipo pa kushonea. Nywele hawasumbui. Wengi wana kipara cha shule, na darasa linalodai nywele za bandia ili mtoto afungwe kifundo linauza picha.

Kuhusu viatu vya kusimamia ncha za vidole, jibu lao lilikuwa la kweli: si mwaka huu, na kwa kipindi kimoja kwa wiki labda isiwe kabisa. Mifupa ya mguu bado inakomaa na kifundo cha mguu hakijapata nguvu. Wakiahidi ndani ya mwaka, ondoka.

Mitihani si lazima. Mwalimu wao ana cheti cha Royal Academy of Dance ya London, iliyoanzishwa mwaka 1920, na alikionyesha nilipoomba. Madaraja ya mitihani hiyo yana umri wa chini tu, kwa hiyo kuchelewa hakumfungii mtoto mlango.

Muda: wanaofanya kazi Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, hawawezi vipindi vya jioni katikati ya wiki, Jumamosi ndiyo inayowezekana. Mwenye mtoto wa darasa la saba aulize mapema kuhusu Agosti na Septemba. Hapa ada ya miezi ya mtihani inahamishwa muhula unaofuata, mradi uandike barua kabla. Nguo za onyesho la mwisho wa mwaka zinalipiwa kando, na hawalisemi siku ya kujiandikisha. Waliseme.

Mbao wameahidi kuzileta muhula ujao. Wakizipigilia, nitarudi hapa kuongeza nyota.