Linux 6.4 na usafi wa faili la copy_user_64.S

Kila programu inaposoma faili au kutuma data kwenye mtandao, kiini cha mfumo endeshi hulazimika kunakili baiti kutoka upande wake kwenda upande wa mtumiaji, au kinyume chake. Katika Linux ya prosesa za x86 za biti 64, kazi hiyo hukaa kwenye faili la copy_user_64.S. Hakimiliki zilizoandikwa juu yake zilikuwa za 2002 na 2008, na ndani yake mlikuwa na njia tatu za kufanya jambo lile lile, zote kwa lugha ya asembli, kiini kikichagua mojawapo kulingana na prosesa kiliyoikuta. Toleo la 6.4, lililotoka Juni 2023, limetupa sehemu kubwa ya mzigo huo, nami nimeyasoma mafaili mawili sambamba, la zamani na jipya, nipime kama kilichotupwa kilistahili.

Kilistahili. Njia mojawapo ya zamani ilikuwa kitanzi (maagizo yanayorudiwarudiwa) kilichokunjuliwa, yaani hatua zake nyingi zimeandikwa mfululizo, kinachobeba baiti 64 kwa mzunguko mmoja kupitia rejista kadhaa (vihifadhi vidogo vya ndani ya prosesa), na kwa prosesa za wakati wake ulikuwa ufundi wa kupigiwa mfano. Shida yake haikuwa kasi. Anwani ya mtumiaji inaweza kuwa mbovu wakati wowote, kwa hiyo kila agizo linaloigusa lazima liandikishwe pamoja na mahali pa kukimbilia likikwama, na baiti zilizosalia zihesabiwe upya. Ukikunjua kitanzi unazidisha pia maandikisho hayo, mpaka njia za kuokoa zinakuwa ngumu kufuatwa kuliko kunakili kwenyewe.

Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliyeifanya kazi hii kwa mkono wake, alirudi kwenye agizo la rep movs, linaloiambia prosesa yenyewe inakili mfululizo mzima wa data, lililokuwamo tayari katika Intel 8086 ya 1978. (Ya kale ni dhahabu, ingawa hii ilikaa miaka mingi bila kung'aa, kwa kuwa agizo hilo lilikuwa zito kuanza hata kwa nakala fupi.) Prosesa za Intel ziitwazo Ice Lake, za 2019, zililiondolea uzito huo, na kwenye mashine za namna hiyo 6.4 hulipachika papo hapo, bila kuita fanksheni yoyote. Mashine nyingine huenda kwenye fanksheni moja fupi ya akiba, isomekayo kwa kituo kimoja.

Hata hivyo, panga lilipitiliza mahali pamoja. Prosesa zisizo na uwezo uitwao ERMS, wa kuendesha rep movs ya baiti kwa kasi, ambao Intel imekuwa nao tangu 2012, ziliachiwa kitanzi hata kwa nakala ndefu, kana kwamba zote ni kuukuu. Kumbe zilikuwamo seva zenye prosesa za AMD, mshindani wa Intel, za miaka ya karibuni, nazo zikapoteza kasi. Toleo la 6.6 la Oktoba 2023 lilizirudishia rep movsq, aina ya rep movs inayobeba baiti nane kwa mara moja, kwa mistari michache, bila kufufua ule msitu wa zamani. Anayetunza seva za aina hiyo achukue 6.6, ambalo pia ni miongoni mwa matoleo yanayotunzwa kwa muda mrefu.