Simu ya toleo la kwanza: kasoro nilizozikuta na namna ya kuzipima kabla muda wa kuirudisha haujaisha

Simu ninayoieleza ni ya daraja la kati, nimeinunua Kisumu mara tu ilipozinduliwa: skrini ya AMOLED ya inchi 6.7, betri ya mAh 5000, chaja ya wati 45, mgongo wa plastiki. Jina la kampuni naliacha, kwa sababu kasoro za aina hii hutokea kwa simu za kampuni nyingi. Simu ya kwanza ilikuwa na makosa matatu: skrini kujigusa yenyewe ikiwa kwenye chaja, doa la kijani mwanga ukishushwa, na mgongo kuachia gundi karibu na kamera. Niliyobadilishiwa ni nzuri, na kwa kazi za kawaida ningeipendekeza, ila si kwa mtu asiyekuwa tayari kuipima vizuri siku za mwanzo.

Jambo la kwanza kulijua ni kama tatizo liko kwenye programu au kwenye kifaa chenyewe. Ukirudi dukani karibu kila mara utaambiwa usubiri sasisho. Wakati mwingine ni kweli. iPhone 15 Pro zilipokuwa zikipata moto Septemba 2023, Apple ilitoa iOS 17.0.3 mwezi uliofuata na sehemu kubwa ya tatizo ikatulia. Lakini simu za Pixel za kwanza za Google, za mwaka 2016, zilikuwa na maikrofoni zinazokufa kwa sababu ya ufa mwembamba kwenye lehemu ya chipu ya sauti. Hakuna sasisho linaloziba ufa wa lehemu. Anayesubiri sasisho kwa kasoro ya namna hiyo anachezea muda wake wa kurudisha simu.

Nianze na skrini kujigusa, maana ndiyo inayowachanganya wengi. Skrini hutambua kidole kwa kupima mabadiliko madogo sana ya umeme juu ya kioo. Ndani ya chaja kuna kapasita, kijenzi kidogo cha umeme, inayounganisha upande wa stima na upande wa simu, na hupitisha mkondo mdogo. Chaja nyingi tunazotumia zina pini tatu, lakini ile ya juu ni plastiki tupu, haiunganishwi na waya wa ardhi. Mkondo huo ukikosa pa kwenda huifikia simu, na skrini huusoma kama kidole. Chaja duni ya barabarani huzidisha hali hiyo, kwa hiyo usiilaumu simu kabla ya kupima.

Kipimo chenyewe ni hiki. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, gusa namba ya toleo la programu mara 7 mpaka menyu ya wasanidi ifunguke, kisha washa chaguo linalochora mistari mahali skrini inapoguswa. Ondoa kioo cha kulinda skrini, hasa cha bei ya chini. Laza simu mezani bila kuigusa: kwanza ikiwa kwenye chaja iliyokuja nayo, kisha kwenye pawabanki ambayo yenyewe haijachomekwa kwenye stima, mwisho bila chaja yoyote. Mistari ikijichora kwa chaja ya stima peke yake, badilisha chaja na waya. Ikijichora kwenye pawabanki pia, au simu ikiwa haijachomekwa popote, shaka yote inaangukia skrini au ile kebo bapa inayoiunganisha na bodi. Yangu ilijichora kwenye pawabanki, kwa hiyo suala la chaja likaishia hapo.

Rangi ya kijani inataka chumba chenye giza. Fungua picha ya kijivu kizito isiyo na kitu kingine, shusha mwanga hadi karibu na mwisho, uangalie. Kwenye AMOLED kila nukta hujiwashia mwanga wake, na umeme ukiwa mdogo nukta hazilingani kikamilifu. Tofauti ndogo sana ni kawaida. Ukijani uliotanda sawasawa skrini nzima unaweza kurekebishwa na sasisho, kwa kuwa kampuni inaweza kubadilisha viwango vya rangi kwa programu. Doa la upande mmoja, nusu kwa nusu, au mstari wa wima kutoka juu hadi chini ni jambo lingine: hapo muunganisho umekatika au paneli ina hitilafu, na dawa ni kubadilisha skrini nzima.

Mgongo kuachia gundi uuchukulie kwa uzito. Huenda gundi haikushika vizuri kiwandani, basi. Lakini huenda pia betri imetuna na inausukuma. Laza simu kwenye kioo au meza iliyonyooka kabisa na uizungushe taratibu. Ikizunguka kama pia ya kuchezea badala ya kukwama, au skrini nayo ikianza kuinuka ukingoni, acha kuichaji, izime, ipeleke. Usiubonyeze mgongo urudi mahali pake.

Kuna jambo watu huliita kasoro na si kasoro. Kisumu mchana ni joto, na betri ya lithiamu haifai kuchajiwa ikipita nyuzi 45. Simu ikipata moto hupunguza yenyewe kasi ya chaji, hivyo wati 45 za kwenye kisanduku hutazipata saa nane mchana simu ikiwa ndani ya kava nene, achilia mbali ikiwa imetoka kuachwa kwenye dashibodi ya matatu. Pima asubuhi, bila kava, kutoka asilimia 20 hadi 80, bila kuitumia. Kama hata hapo inachoma mkono karibu na kamera au tundu la chaja, una hoja.

Kamera nayo. Ukiitikisa simu ukasikia kitu kinagonga ndani, fungua kamera kwanza: lenzi yenye kituliza mtikisiko huchezacheza ikiwa imezimwa na hutulia ikiwashwa. Mlio ukiendelea, au picha ikitetemeka kwenye video ya kitu kilichosimama, kituliza mtikisiko kina hitilafu. Kwa ndugu zetu wa boda wanaofunga simu kwenye usukani kufuata ramani, hili linawahusu moja kwa moja. Mwaka 2021 Apple ilitoa tahadhari rasmi kwamba mtetemo wa injini za pikipiki unaweza kuharibu mfumo huo kwenye iPhone. Kwa simu nyingine zenye lenzi ya namna hiyo ningechukua tahadhari ileile. Funga kishikio chenye mpira wa kupunguza mtetemo, au uitie simu mfukoni na usikilize maelekezo.

Maikrofoni zijaribu zote: rekodi sauti, rekodi video, kisha piga simu kwa spika. Vitambuzi, mtetemo na spika vina menyu ya majaribio kwenye baadhi ya simu. Samsung hufunguka kwa *#0*#, Xiaomi kwa *#*#6484#*#*.

Mnunuzi anapogundua kasoro ndipo mambo huharibika zaidi. Wengi hukimbilia fundi wa karibu. Mafundi wetu ni hodari, sipingi, na kwa simu iliyomaliza waranti ndiko ningekwenda. Lakini simu mpya ikishafunguliwa, gundi imekatwa na skrubu zina alama, kituo cha huduma kitasema uharibifu ni wako. Kuflashi, yaani kuiwekea simu programu upya kwa kompyuta, nako ni vivyo hivyo. Wengine huiuza haraka kwa mtu asiyejua, na huo ni udhalimu. Wengine huizoea. Galaxy Note 7 ilitoka Agosti 19, 2016, na Septemba 2 Samsung ikatangaza kubadilisha takriban simu milioni 2.5 kwa sababu ya betri zilizokuwa zikishika moto. Bado wapo walioendelea kuzitumia, hata baadhi ya nchi zikasukumiwa sasisho la kuzuia betri isipite asilimia 60. Simu zilizobadilishwa nazo zikashika moto, na Oktoba 11 uzalishaji ukasimamishwa. Maelezo yaliyotolewa Januari 2017 yalionyesha betri za watengenezaji wawili zenye makosa mawili tofauti: za kwanza zilibanwa kwenye kona ya juu, za pili zilikuwa na ncha za lehemu zilizotoboa kitenganishi, utando unaotenga pande mbili za ndani ya betri. Ndiyo maana simu ya kubadilishiwa nayo naipima upya kuanzia mwanzo, bila kuiamini kwa sababu tu ni mpya.

Kurudisha kunahitaji ushahidi. Piga *#06# na uhakikishe IMEI, namba ya utambulisho wa simu, inalingana na ya kwenye kisanduku na kwenye risiti. Kama risiti haina IMEI, omba iandikwe kabla hujatoka dukani. Chukua video ya kasoro inayoonyesha pia IMEI hiyo. Mtumie muuzaji ujumbe wa maandishi hata kama mmeshaongea ana kwa ana, ili tarehe ibaki. Hifadhi picha na namba zako, toa laini, toa akaunti ya Google kisha futa kila kitu; ukiiacha akaunti, simu itabaki imefungwa na kazi itachelewa. Wakiipokea, dai karatasi yenye tarehe, maelezo ya kasoro na hali ya simu, ikitaja kwamba kioo hakina ufa.

Wanaolipa mdogo mdogo waongeze hatua moja. Mkataba wao umefungwa kwenye IMEI ya simu mbovu. Hakikisha mkopeshaji amebadilisha IMEI kwenye mkataba kabla hujaiachia, la sivyo utaendelea kudaiwa simu ambayo hunayo.

Yale maandishi ya risiti kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi yasikutishe. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 inamtaka muuzaji kuuza bidhaa yenye ubora unaostahili, na haki hiyo haifutwi na makubaliano wala maandishi ya risiti. Ukikwama kabisa, mahakama ya madai madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na unaweza kujisimamia bila wakili. Kwa simu zilizoletwa kutoka Dubai hali ni ngumu kidogo: mara nyingi waranti ya kampuni haifanyi kazi hapa, kwa hiyo unabaki na muuzaji peke yake. Uliza kituo cha huduma kwa kuwatajia IMEI kabla hujalipa.

Simu niliyobadilishiwa ina tarehe ya kutengenezwa ya baadaye kidogo kwenye kisanduku. Haijigusi kwenye chaja yoyote kati ya nilizonazo, kijivu ni kijivu, na mgongo umeshika pande zote. Betri inafika usiku kwa data na simu nyingi, na mtandao ndani ya nyumba za mawe za mtaa wa Milimani hapa Kisumu unashika vizuri. Lililobaki ni tundu la chaja: waya wa dukani unalegea ndani yake, ule uliokuja na simu unashika. Hilo nalifuatilia, na video yake nimeshaituma kwa muuzaji.