Gudi bagi za besdei ya binti wa miaka 13, na dubu ambaye sikumwagiza

Jamani naandika hii nikiwa bado na hasira, maana nikingoja zipoe sitaandika tena, najijua. Kuna duka moja Kariakoo, jina silitaji, wana ukurasa Insta umejaa picha nzuri nzuri, kazi yao ni kutengeneza zile pakiti za kuwapa watoto wakiwa wanaondoka kwenye besdei. Wanaprinti chupa, vikombe, mifuko, vyote kwa majina. Nilipanga niwape nyota tatu kwa sababu kazi ya mkono kwa kweli ni safi, ila ngoja kwanza niseme.

Binti yangu katimiza 13. Wenye watoto wa umri huo mnajua, huyo ni mtu anayeona aibu hata ukimshika mkono getini shuleni. Huwezi kumpa rafiki zake filimbi, puto na miwani ya plastiki eti ndiyo zawadi ya kuondokea, watamcheka mpaka amalize la saba. Kwa hiyo tulikaa tukapanga, na yeye mwenyewe ndiye aliyeandika: chupa ya maji ya chuma, nyeupe, haina mchoro wowote, jina la mgeni tu kwa maandishi madogo meusi. Ndani ya mfuko kalamu za jeli, kidaftari, wasichana skrunchi, wavulana soksi, na ubuyu. Mfuko uwe wa karatasi ya kaki, siyo ile mifuko mbadala yenye katuni za rangi ya kuumiza macho ambayo wauza vitu vya pati wameikumbatia tangu plastiki zipigwe marufuku Juni 2019. Basi. Vitu vichache vyenye akili, mtoto anavitumia shule ikifunguliwa, haviishii kwenye ndoo ya taka kesho yake.

Nikamtumia yule dada wa dukani dizaini WhatsApp, nikamtumia na orodha ya majina, watoto ishirini na kitu. Akajibu "nimekuelewa sana kipenzi" na lipa namba ikafuata hapo hapo. Nikaomba sampo ya chupa moja kwanza niione, akasema oda ndogo kama hizo hawatoi sampo. Nikalipa advansi nusu. Baada ya hapo kimya. Ukimwandikia anasoma, alama za bluu unaziona, hajibu, ila kwenye stetasi yupo anaposti keki za watu.

Mzigo ukaja siku moja kabla ya shughuli, jioni, na bodaboda. Kijana wa boda mstaarabu kweli, alinibebea boksi mpaka ndani na alisubiri nihesabu. Nafungua chupa ya kwanza. Dubu. Dubu wa pinki kakumbatia moyo, na juu yake kwa maandishi ya kung'aa, ASANTE KWA KUJA KUCHEZA NA BABY halafu jina la mwanangu. Silitaji, ana Insta yake ataniona. Chupa ya pili dubu. Zote dubu. Majina ya wageni yapo chini, na nikiri wameyapatia yote, hata yale ya kihaya marefu yanayowashinda walimu. Lakini yapo chini ya dubu!

Nikapiga simu. Na hapa ndipo nilipo mpaka leo, maana kukosea kila fundi anakosea, mimi sina shida na kukosea. Nikamwambia dada, mbona si dizaini niliyokutumia? Akanijibu taratibu kabisa kama mtu anayemwelewesha mgonjwa: "Mama, ile ya kwako ilikuwa imepoa, haina mvuto, tukakuongezea vionjo. Na hatujakuchaji." Hatujakuchaji! Yaani nimshukuru. Nikamwambia huyu mtoto ana miaka 13, baby wa wapi? Akacheka. Siyo kile kicheko cha kuomba msamaha, hapana, alicheka kabisa na kuna mwenzake pembeni naye nikamsikia anacheka, halafu akasema "kwani kwako wewe si bado baby mama? Mtoto ni mtoto tu." Nikakata simu kwa sababu nilikuwa natafuta tusi na nilikuwa nimefunga.

Nimelea watoto, nimefanya kazi na wateja miaka, mtu akikuletea malalamiko hata kama unamwona mjinga unasema pole. Pole tu, haina gharama! Hilo tu lingenitosha.

Kwa wasiojua, hizi chupa huwezi kufuta. Siyo stika. Wanachapa picha kwenye karatasi yake maalumu, wanaizungushia chupa, wanaiingiza kwenye mashine ya moto, joto kama nyuzi 180 hivi, wino unageuka mvuke unaingia ndani ya lile koti la chupa. Nilijaribu spiriti, nikajaribu asetoni ya kutolea rangi ya kucha, dubu ananiangalia tu. Ndiyo maana nasema ukiagiza vitu vya namna hii usikubali waprinti zote kabla hujaona picha ya ile ya kwanza, na wakikwambia oda ndogo hazina sampo, ondoka, Kariakoo haina duka moja.

Suluhisho lake likawa stika nyeupe tubandike juu ya dubu. Akazituma kwa boda na boda nikailipa mimi. Usiku kucha mimi na dada wa kazi tunabandika stika, na kwa macho ya mbali zilipendeza, sikatai, hapo nyota mbili zilikuwa bado zimebaki. Kesho yake tumeweka maji ya baridi kwenye chupa, joto la Dar mnalijua, chupa zikatoa jasho, stika zikaanza kujikunja pembeni. Sasa mtoto wa miaka 13 akiona stika imejikunja pembeni atafanya nini? Wa kwanza kabandua, akapiga kelele, ndani ya dakika mbili ukumbi mzima wanabandua na kuimba "baby, baby" na ndimi zao nyekundu za ubuyu. Binti yangu akaingia chumbani. Nikasema leo nitaenda Kariakoo na boksi lile kichwani nikalimwage mlangoni kwao.

Akatoka baadaye kidogo anacheka. Sijui walimwambia nini huko wenzake waliomfuata. Na kuanzia hapo eti dubu imekuwa fasheni, wote wanakwenda shule na chupa za dubu, wavulana ndio wamezidi, na aliyekosa kuja analalamika. Mwanangu akiona nimenuna ananiambia mama achana nayo, ilikuwa poa. Ilikuwa poa! Soksi, kalamu za jeli, vile vidaftari nilivyochagua kimoja kimoja, hakuna hata mmoja aliyevitaja. Kwa hiyo hasira nimebaki nazo peke yangu, jambo ambalo linanikera zaidi, maana nikimsimulia mtu ananiuliza sasa mbona watoto walifurahi? Walifurahi kwa sababu ni watoto wazuri, siyo kwa sababu ya huyo dada!

Nilishaanza kulegea jamani, nusu nimsamehe. Halafu naingia Insta nakutana na picha ya chupa zangu, boksi langu, juu ya meza yake, ameandika mteja wetu wa nguvu kapenda mwenyewe, na mioyo kibao. Chini watu wanauliza bei. Kuna mama kaandika anataka dubu kama hao hao. Na muda huo huo kwenye WhatsApp, wala salamu hakuna, "mama salio lipo?" Salio nimelipa, mimi deni la mtu silali nalo, ila hela ya boda ya stika nimeikata na sijamwambia, atajijua. Nyota sifuri. Au niseme moja, majina ya kihaya.

Kama una mtoto mkubwa, usiende pale, hawakusikilizi, wao kila mtoto duniani ana miaka mitatu. Kama wako ana miaka mitatu kweli... sijui niseme nini. Mdogo wake huyu binti anatimiza minne hivi karibuni na kashaona chupa ya dada yake, kila siku "mama na mimi dubu." Nimezunguka maduka mengine, dubu zao zimefifia, nyingine macho yamepinda, hakuna aliyetoka vizuri kama yule. Na yule dada nilishambloku. Mwenye namba ya fundi mwingine wa chupa naomba aniandikie haraka, kabla sijamfungulia.