TAHADHARI: seti za foronya "bila sindano" zinazouzwa hapa Lubumbashi

Ba mama na ba yaya, hasa ninyi wa komini za Katuba, Kenya na Ruashi, someni hii kabla hamjatuma pesa. Kuna mtu, au kikundi cha watu, anayeuza kwa WhatsApp seti za kutengeneza foronya za mito ya saloni (sebuleni) bila kushona. Ndani ya mfuko mnakuta vitambaa vilivyokatwa tayari, utepe wa kupiga pasi na kichupa cha gundi. Seti yenyewe ni mbovu, na hilo pekee lingetosha kuandika. Ila wizi mkubwa uko katika ahadi inayouzwa pamoja nayo: kwamba ukimaliza foronya zako, yeye mwenyewe atazinunua zote.

Mimi ni fundi wa kushona. Najua kuna watakaosema, "Huyu anaogopa kukosa kazi." Waseme. Kutengeneza foronya bila uzi kunawezekana kabisa, na nitaeleza hapa chini namna yake, bure. Ninaandika kwa sababu wanaoniletea foronya zilizofumuka wamekuwa wengi, na karibu kila mmoja anajilaumu: eti pasi haikuwa na moto, eti mkono wake ni mzito. Hapana, mama. Ulichouziwa hakikuwa utepe wa kunatisha.

Mambo huanza na picha kwenye statu. Saloni safi, fotei nyeupe, mito sita imepangwa kama ya hoteli. Ukiuliza bei unaingizwa kwenye grupu, na humo unakuta wanawake wengine wakishukuru na kuonyesha picha za ujumbe wa pesa walizopokea. Muuzaji ana maneno matamu: "Mama sheri, nafasi zimebaki chache." Seti ya kwanza ni dola 15, ya foronya tano. Anaahidi kununua kila foronya kwa dola 6. Piga hesabu hapo hapo: dola 15 zinazaa 30 kwa jioni moja ya kupiga pasi. Halafu jiulize swali ambalo kwenye grupu ukiliuliza unaondolewa: foronya tupu iliyonatishwa, anayeinunua kwangu dola 6, yeye atamuuzia nani, na kwa bei gani? Nenda soko la Kenya au soko la Mzee ukaulize bei ya foronya iliyoshonwa kwa mashine, utapata jibu lako.

Wengine hulipwa mara ya kwanza, na hapo ndipo mtego unapokaza. Mama mmoja jirani yangu alipeleka foronya tano, akapokea dola zake 30 kwenye simu, akaimba barabarani. Wiki iliyofuata akachukua seti kubwa ya dola 90 kwa pesa ya likelemba (mchezo wa kupeana pesa kwa zamu) iliyokuwa imemfikia. Safari hii kazi yake yote ikakataliwa. Ukingo haukunyooka. Utepe unaonekana. Kona si kali. Akaambiwa alipe dola 20 za mafunzo ili "afikie kiwango", au alete wanawake wawili wapya na deni hilo litafutwa. Akakataa kuwaingiza wenzake, Mungu ambariki, na siku hiyo hiyo namba ikamfungia. Grupu likabadilishwa jina na picha, akatolewa.

Ona ujanja ulivyo. Wao ndio wanaouza vifaa, wao ndio wanaopima kazi, na kipimo hakijaandikwa mahali popote. Ukipeleka foronya nzuri kuliko za dukani bado wanaweza kusema kona si kali. Na zile dola 30 za mwanzo zilitoka kwenye mfuko wa mwanamke mwingine aliyelipa juzi. Siku wapya wakikosekana, hakuna atakayelipwa tena.

Sasa nifungue mfuko wenyewe, maana hapa ndipo ufundi wangu unapofaa.

Utepe wa kweli wa kunatisha kwa pasi ni mwembamba sana, unafanana na utando wa buibui, na ukiushika hauna upande wa juu wala wa chini. Wote ni gundi kavu. Ukiwekwa katikati ya vitambaa viwili na kupata joto, unayeyuka na kuingia ndani ya nyuzi za pande zote mbili. Walichoweka kwenye zile seti ni kile kitambaa kigumu tunachotia ndani ya kola za mashati, kimekatwa vipande virefu vya sentimita mbili. Kitambaa cha kola kina gundi upande mmoja tu! Kwa hiyo unapiga pasi, unaona kimeshika, unafurahi. Upande wa pili hakijashika chochote, kimelala tu. Ukitia mto ndani, ukingo unafunguka kwa urefu wote. Hata ungekuwa na pasi ya kiwanda usingeweza.

Kukijua ni rahisi. Pitisha kidole pande zote mbili. Cha kola kina upande mmoja wenye chembechembe zinazokwaruza kidogo na kung'aa kwenye mwanga, na upande mwingine ni laini kama nguo. Ukikuta hivyo usikitumie kwa ukingo. Kipimo kingine: kata kipande cha urefu wa kidole, kiweke katikati ya vitambaa viwili chakavu, piga pasi, subiri kipoe kabisa, kisha vuta. Muuzaji wa kweli atakuruhusu kujaribu hivyo mbele yake.

Gundi nayo. Kichupa hakina lebo. Nilizoziona mimi ni za aina mbili. Nyeupe ni ile ya maseremala: ikikauka inakuwa ngumu, inapasuka ukikunja, na ukifua inalainika na kugeuka maziwa tena. Ya manjano ni ya mafundi wa viatu. Hii inashika kweli, lakini inapenya kitambaa na kuacha doa la kahawia lisilotoka, na mvuke wake unashika moto. Umeme wetu mnaujua; wengi wetu tunapiga pasi ya makala (mkaa), na mbabula, yaani jiko la makala, iko hapo hapo karibu na mguu. Nawaomba sana, gundi ya viatu isifunguliwe kwenye chumba chenye mbabula inayowaka, na kitambaa kilichopakwa gundi hiyo kisipigwe pasi. Foronya ikiharibika ni hasara ya pesa. Nyumba ya mabati yenye watoto ndani ni jambo jingine.

Vitambaa vinauzwa kwa jina la waksi. Geuza nyuma. Waksi ya kweli rangi yake inaonekana pande zote mbili karibu sawa. Hivi vya seti nyuma vimepauka. Chomoa uzi mmoja, uuchome: pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini, poliesta inajikunja, inayeyuka na kuacha kishanga kigumu cheusi. Poliesta ndiyo waliyoweka. Pasi ya kuyeyusha utepe kwenye kitambaa cha namna hiyo inakitia mikunjo na mng'ao kabla utepe haujashika vizuri.

Mwenye kutaka kutengeneza kwa ajili ya nyumba yake hahitaji seti ya mtu. Chukua kikwembe (kitenge) cha pamba, kifue kwanza kwa maji ya moto kiasi, kwa sababu kikiwa kipya kina wanga unaozuia gundi kushika, na pia kinarudi kidogo. Kwa mto wa sentimita 45 kwa 45, kata ukanda wa sentimita 49 ukienda kwenye urefu wa kikwembe, uache upana wake wote, ambao huwa kama mita moja na sentimita 15. Kikwembe cha yadi 6 ni kama mita tano na nusu, kinakupa foronya kumi hadi kumi na moja, kadiri kilivyorudi. Kunja ncha mbili fupi sentimita tatu, uzinatishe kwa utepe. Laza ukanda, uso wa rangi ukitazama juu, kunja ncha zote mbili kuelekea katikati mpaka zipandane kwa zaidi ya sentimita kumi, natisha kingo mbili za pembeni, kisha geuza nje ndani. Pale tabaka tatu zinapokutana weka utepe kati ya kila tabaka. Wengi wanasahau hapo na ndipo panapofumuka. Mdomo wa kuingizia mto unabaki nyuma, hauhitaji zipu.

Pasi ibonyezwe, isitelezeshwe. Weka kitambaa chenye unyevu juu, bonyeza ukihesabu taratibu hadi kumi au kumi na tano, inua, sogea. Usivute kabla haijapoa. Kwa pasi ya makala futa sahani yake kwanza na uangalie majivu. Kufua ni kwa mkono na maji baridi, bila kukamua kwa nguvu. Foronya hii haitadumu kama iliyoshonwa, siwadanganyi, ila mito ya saloni haifuliwi kila wiki.

Na asiye na pasi wala utepe: kata mraba wa upana wote wa kikwembe, weka mto mdogo katikati kimshazari, kunja kona mbili juu yake uzifiche, kisha funga zile mbili zilizobaki fundo moja la katikati. Limekwisha. Ukichoka na rangi, fungua, kikwembe bado ni kikwembe.

Turudi kwa waliokwisha kulipa. Msifute mazungumzo, hata kama yanawaudhi. Pigeni picha ya ujumbe wote, namba zote, na ule ujumbe wa kuthibitisha malipo wenye namba ya muamala. Kama umetuma leo, pigia mtandao wako sasa hivi uombe pesa izuiwe. Ikishatolewa kwa wakala ni vigumu sana kurudi. Kisha nendeni polisi pamoja. Mmoja mmoja mtaambiwa ni deni la biashara. Mkiwa wengi wenye hadithi ile ile na namba zile zile inaonekana ni eskrokeri (utapeli), ambayo Kanuni ya Adhabu ya Kongo inaiadhibu katika kifungu cha 98 kwa kifungo cha miezi mitatu hadi miaka mitano.

Jina la muuzaji siandiki hapa, wala namba. Namba zimebadilishwa, na laini inaweza kuwa imesajiliwa kwa jina la kijana fulani aliyeuza kadi yake bila kujua. Sitaki watu wavamie nyumba ambayo si yenyewe. Wenye ushahidi wampe ofisa wa polisi.

Tena kuna mwingine ameanza kuwaandikia walioibiwa akisema anaweza "kurudisha pesa" kwa dola 10 za kufungulia faili. Msimjibu. Orodha ya walioumizwa ameipata wapi, kama si mule mule kwenye grupu?

Mwenye seti ambayo hajaifungua aje nayo kwangu na tuujaribu huo utepe pamoja. Wanaonijua wanajua nilipo. Mje asubuhi, mchana umeme hauna uhakika. Kujaribu ni bure, kushona nitawalipisha.