Umemaliza gredi ya 8? Pima dakika kabla ya kulipia diploma

Vijana wa piano na fidla wa hapa Dodoma wamekuwa wakinitumia malalamiko ya aina moja: wamelipia diploma ya upigaji, wamefanya mazoezi miezi mingi, kisha mikono inawaishia nguvu kabla onyesho halijafika mwisho. Sitagusa chuo kipi kina jina kubwa. Hilo kila mtu analizungumza. Mimi nataka tuongelee dakika.

Mtihani wa ana kwa ana wa gredi ya 8, gredi ya mwisho kabla ya diploma, unakupa vipande vitatu, na skeli (ngazi za noti) na majaribio mengine ni sehemu yake, hivyo hupigi vipande mfululizo. Diploma haina mapumziko hayo. Ni nusu saa au zaidi mfululizo, na hata ukimya kati ya kipande na kipande unahesabiwa. Kiganja kinachoanza kukaza dakika ya 12 kitakuangusha dakika ya 25, hata kama kila kipande unakipiga vizuri peke yake.

Chaguo langu la kwanza, na silifichi, ni ARSM, diploma ya upigaji ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza. Ni dakika 30, bila skeli, bila kusoma noti papo hapo, bila kuandika chochote. Angalau dakika 20 zinatoka kwenye orodha yao, zilizobaki unachagua mwenyewe vipande vya kiwango cha gredi ya 8 au zaidi. Hiyo inakuruhusu kupanga pumzi: kizito, chepesi, kizito. Lazima uwe umefaulu gredi ya 8. Unaweza kutuma video, kwa hiyo hulazimiki kupanda treni kwenda Dar. Ila video hairuhusiwi kukatwa. Ni mkanda mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwa upepo wetu wa kiangazi na mabati yanayogongana, rekodi alfajiri, simu ikiwa imejaa chaji na ina nafasi ya kutosha.

Ya pili ni ATCL, diploma ya Trinity, bodi nyingine ya Uingereza, dakika 32 hadi 38. Haidai cheti cha awali, jambo zuri kwa aliyepoteza vyeti vyake. Lakini inataka maelezo ya vipande kwa Kiingereza, maneno 400 hadi 700, na uwasilishaji kwa jumla una asilimia 10 ya alama. Kama kuandika kunakuchosha, usiende huko.

DipLCM, diploma ya London College of Music, ipo pia.

LTCL, diploma ya Trinity iliyo juu ya ATCL, nayo haidai cheti cha awali, na hapo ndipo mawakala wa kusajili watahiniwa wanapowanasa watu: "Ruka tu, ni ya juu zaidi." Ni dakika 37 hadi 43. Mtu ambaye hajawahi kumaliza dakika 30 anauziwa 40! Wanaongeza na ada yao ya usajili juu ya ada inayolipwa kwa pauni, wakati mtu mzima anaweza kujisajili mwenyewe mtandaoni. Ukishindwa, unalipa ada nzima upya. Wakala harudishi hata shilingi. Mzazi aliyeuza alizeti alipie mtihani huo anastahili kuambiwa hayo mapema.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hela, washa saa, piga vyote kwa mpangilio wake bila kusimama, siku tatu mfululizo. Kama siku ya tatu mkono bado una nguvu, lipia.