Uzoefu wangu na Estes Alpha: roketi ya karatasi yenye historia ndefu

Ukifungua pakiti ya Alpha, roketi ndogo ya kuunda mwenyewe na kuirusha, kwa mara ya kwanza unaweza kudhani umepunjwa. Bomba la karatasi, ncha ya plastiki, mapezi matatu ya balsa (mbao nyepesi sana), parashuti ya plastiki, kamba ya mpira, basi. Niliiunganisha na binti yangu hapa Marekani tunakoishi, na kadiri kazi ilivyosonga ndivyo nilivyozidi kuwavulia kofia waliobuni mtindo huu.

Mwanzo wa mtindo huu ni mwaka 1954, mjini Norfolk, Nebraska. Orville Carlisle, muuza viatu aliyependa fataki, alitaka kumsaidia ndugu yake Robert, mpenzi wa ndege ndogo za kuunda, ambaye alikuwa akitoa mihadhara kuhusu urukaji wa roketi. Akabuni roketi ya karatasi na balsa, injini ya baruti ya kubadilisha, na parashuti ya kuirudisha chini. Mwaka 1957 Sputnik, satelaiti ya kwanza, ya Wasovieti, ikaruka, na vijana wa Marekani wakapagawa. Walishindilia kemikali kwenye mabomba ya chuma ili wapate roketi zao wenyewe. Wapo waliopoteza vidole, wapo waliokufa. G. Harry Stine, aliyefanya kazi White Sands, uwanja wa majaribio ya makombora huko New Mexico, alikuwa ameshaandika kuhusu hatari hiyo, na Carlisle alikuwa ameshampelekea mifano ya roketi zake. Stine akafungua kampuni ya kuziuza, lakini injini hazikutosha. Hapo akaingia Vernon Estes wa Denver, mtoto wa familia ya wafanyabiashara wa fataki. Aliunda mashine, akaiita Mabel, iliyotoa injini moja kila sekunde 5.5. Injini zikazidi mahitaji ya Stine, naye Estes akaanza kuuza roketi zake mwenyewe.

Alpha ilizaliwa miaka ya 1960 ikiwa na busara yote hiyo ndani yake. Mnunuzi hagusi baruti: imeshindiliwa kiwandani ndani ya gamba la karatasi, na huwashwa kwa waya na betri ukiwa umesimama mbali. Hata majina ya injini yana maana. Katika B6-4, B ni kiasi cha nguvu yote iliyomo, 6 ni wastani wa msukumo kwa nyutoni, na 4 ni sekunde za kusubiri kabla ya mlipuko mdogo kusukuma ncha na parashuti nje. Ile karatasi laini isiyoshika moto unayoisokomeza ndani kabla ya parashuti ndiyo inayoizuia isiungue, kwa hiyo usiifanyie ubahili.

Kilichonifurahisha zaidi ni mapezi. Yamekatwa tayari kwa leza, ila kuyapiga msasa na kuyabandika yawe wima ni juu yako. Baadaye ilitoka Alpha III, ambayo mapezi yake ni kipande kimoja cha plastiki. Inaunganishwa haraka, sawa, lakini mimi naona inamnyima mtoto somo lenyewe.

Injini huuzwa kando. Uwanja ukiwa mdogo anza na A8-3. Ukitia C6-5 roketi inapanda hadi kama mita 300, na kutoka huko itatua kwa matakwa ya upepo. Na wale mnaopanga kumpelekea mpwa zawadi nyumbani: pakiti yenyewe mnaweza kuitia sanduku la safari, injini hapana. Ni baruti, haziruhusiwi kwenye mizigo ya abiria.