Programu inayokagua maneno ya kubagua: naitumia, ila haisomi sentensi

Nimekaa na hii kitu kama miezi minane sasa, kile kipengele kwenye programu ya kuandikia kinachopigia mstari neno linaloweza kumtenga mtu au kumdhalilisha, halafu kinakupa lingine. Mi naandika ripoti na mihtasari ya vikao kwa Kiingereza karibu kila siku kwa hiyo nimekutana nacho vya kutosha. Naipa nyota tatu kwa tano.

Imenisaidia, hilo nalisema wazi. Kuna muhtasari niliandika "chairman" mara sita na aliyeongoza kikao ni mama, tena nilikuwa nimekaa naye meza moja, na sikushtuka mpaka ule mstari ulipotokea, nikabadilisha zote kuwa "chair" na roho iliniuma manake huo muhtasari anausoma yeye. Kwa Kiswahili hilo kosa nisingelifanya kabisa, mwenyekiti ni mwenyekiti awe mwanamke awe mwanaume. Hata "landlord" ilipopigiwa mstari niliona wanazidisha, nikakumbuka sisi tunasema mwenye nyumba basi, wala hatupungukiwi kitu. Ila Google walisemwa sana 2022 Docs, programu yao ya kuandikia, ilipopigia mstari hadi "motherboard", na hapo kweli ni kuvuka mpaka, kile ni kipande cha kompyuta, anayeonewa ni nani?

Kilichoniudhi hasa ni mahojiano. Mama mmoja kasema mwenyewe "I am a housewife", nimemnukuu, alama za kunukuu zipo, na programu bado inataka niweke maneno mengine. Ningekubali ningekuwa nimemlisha maneno. Basi nikaamua kuipima, nikaandika sentensi ya kusema watu fulani hawawezi kujifikiria wenyewe lazima waamuliwe na wengine, matusi matupu yale, ikapita safi bila hata nukta. Yaani inawinda neno, dharau yenyewe haiioni.

Na ukiandika Kiswahili, kimya. Sio kwamba sisi hatuna shida, tunayo. Angalia kipofu, kilema, kiziwi, wote wamepewa ki- ya vitu, ile ya kiti na kisu, ingawa tunasema kipofu amefika. Zeruzeru ndo usiseme, siku hizi tunaandika mtu mwenye ualbino na ni haki yao. Lakini hapo hapo viziwi wengi wanajiita viziwi na vyama vyao vinabeba jina hilo hilo, sasa siku programu ikianza kulipigia mstari kwa kuwa tu lina ki- itakuwa inawasahihisha wenyewe kuhusu jina lao. Ndo maana nasema wakija kuitengeneza ya Kiswahili waanze kwa kukaa na hao watu wawaulize, orodha ya Kiingereza iliyotafsiriwa haitafaa.

Kwa anayetaka kujaribu, Word ya Microsoft nayo ina ukaguzi kama huu, uko kwenye seting'i za uhariri sehemu ya "Inclusiveness" na unachagua kimoja kimoja, jinsia, umri na kadhalika, sio lazima uwashe vyote. Mi ya kwangu nimeiacha imewashwa kwenye ripoti, na kila nikifungua faili la mahojiano naizima kwanza kabla sijaandika hata mstari mmoja.